Mikono ya Isdori

Lydia hakumwamkia mzee. Alimtupia kamba miguuni, akasema, "Shika. Leo ishike vizuri."

"Mama, nakusihi usipande," alisema mzee Isdori. "Mwamba huu umeshakuliza vya kutosha."

"Shika kamba."

Mwaka uliopita mumewe, Evans, alitoka Nakuru akaja Ufipa kuupanda mwamba huu wa jiwe la mchanga, uliosimama peke yake kama nguzo nje ya Kasense. Isdori, mkulima wa ulezi aliyempa chumba cha kulala, ndiye aliyemshikia kamba kwa chini. Evans akaanguka, akafa. Isdori mwenyewe alikiri mbele ya watu: kamba iliniponyoka. Jumuiya yake kanisani ilimvua uenyekiti, na wapo ambao hadi leo hawampi mkono.

Lydia alitaka kupaona kwa macho yake mahali Evans alipokuwa kamba ilipoponyoka. Akaanza kupanda, vidole ndani ya ufa, akipachika humo vyuma vyake vya kumzuia asianguke na kupitisha kamba. Kule chini Isdori aliiachia kamba taratibu, shubiri kwa shubiri, bila kutetereka hata mara moja. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Kumbe mzee anajua kushika!

Kila baada ya hatua chache Lydia alikuta chuma cha Evans bado kimeng'ang'ania ufani. Alikigusa, machozi yakamtoka. Alikumbuka asubuhi ile ya mwisho, Evans alivyopiga simu akaongea na watoto mmoja mmoja, bila haraka, hata na kichanga asiyejua kujibu. Ndivyo alivyowapenda.

Alitarajia vyuma vikome katikati ya mwamba. Havikukoma. Vilimfikisha hadi kileleni, na huko akaukuta mkanda wa Evans wa kujifungia mwambani umezungushwa kwenye jiwe kubwa, pete yake ya chuma imefungwa barabara. Evans alifika. Alikwisha kujifunga juu, salama. Kutoka hapo hakumhitaji tena mtu wa chini.

Lydia alishuka kwa kamba. Alipokanyaga ardhi tu, alimkunja mzee shati.

"Alifika! Alikuwa amejifunga kileleni! Kamba haikukuponyoka wewe. Ulimvuta? Ulimfanya nini mume wangu?"

Isdori alisimama vilevile, shati mkononi mwa mwanamke yule, macho yamemjaa maji.

"Nilikusihi usipande, mwanangu."

"Sema!"

"Fundo la kiunoni alilifungua mwenyewe, akajiachia," alisema mzee kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyemfunga kamba upya, kabla watu hawajafika, ili ionekane imeniponyoka."