Laini Tatu za Ugenini

Kabla hata shikamoo ya fundi haijaitikiwa, bi kizee alifungua fundo kwenye pindo la kanga, akamwaga laini tatu za simu juu ya meza. Hakuna hata moja iliyokuwa ya Tanzania.

“Hii ya Msumbiji,” alisema, akizisogeza kwa kidole. “Hii ya Afrika Kusini. Na hii ya Omani, ndiyo ya mwisho.”

Kisha akatoa simu yenyewe. Ilikuwa imezima, kioo kina ufa.

“Marahaba, mwanangu. Hunikumbuki?”

“Nitakusahauje, bibi yangu? Karibu kiti,” alisema Abdiel, kama anavyomjibu kila mteja asiyemkumbuka. Fundi huyu ana maneno mengi kuliko bisibisi, na wateja wake wamemzoea hivyo hivyo.

Bi kizee hakucheka. Aliketi, akasema yeye ni Bi Rukaiya wa mtaa wa Kaloleni. Simu ilikuwa ya mjukuu wake, Najim, kijana wa miaka ishirini na mitatu, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Najim alitoka kwenda kutafuta maisha. Kila nchi aliyoingia alinunua laini ya huko, akaitia kwenye simu hii hii, maana haikufungiwa mtandao mmoja. Mwezi uliopita alianguka kutoka kwenye jengo walilokuwa wakijenga Omani, wakamzika huko huko. Kilichorudi ni begi na simu.

“Pole sana, bibi.”

“Nimeshapoa. Arobaini yake ni Jumamosi. Nataka simu iwake, uweke laini ya hapa, niwapigie watu wake wote waliomo. Sitaki mtu aje kusema hakuambiwa.”

Abdiel alizitazama zile laini. Msumbiji, Afrika Kusini, Omani. Kwa miaka miwili, karibu kila Jumapili akitoka kanisani, alikuwa akipigiwa simu na namba za nchi hizo hizo. Akipokea, kimya. Mtu anapumua tu. Siku ya kwanza peke yake ndiyo ilisikika “Shikamoo” ya kunong'ona, halafu ikakatika. Mkewe, Evelyn, alisema ni mapepo, akamleta mchungaji aiombee simu. Nyumba yao haikujaaliwa mtoto, na kimya cha humo ndani kiliwatisha wote wawili.

Abdiel mwenyewe aliamini ni mdogo wake, Anaeli, aliyeondoka kwao Machame kwa ugomvi wa kihamba, shamba la urithi, akapotelea Afrika Kusini. Miezi miwili iliyopita, ilipoita namba ya Omani, uvumilivu ulimwishia.

“Anaeli, kama ni wewe sema neno,” alilia. “Kama si wewe, usinipigie tena. Mimi sina mtu mwingine huko nje.”

Pumzi ile ilikaa kidogo, ikakata. Tangu hapo haikupiga tena, na Abdiel alikuwa akiitazama simu yake kila Jumapili hadi jioni.

“Bibi, mjukuu wako aliwahi kumtaja Mchaga mmoja anaitwa Anaeli?”

“Hapana.”

“Ni mdogo wangu. Labda walikutana huko. Jina lake linaweza kuwa humu.”

“Iwashe, utaona,” alisema Bi Rukaiya.

Abdiel aliifungua. Tundu la chaji lilikuwa limejaa vumbi la saruji. Alilisafisha kwa mswaki, akabadilisha betri. Bi Rukaiya alikuwa ameinua macho kwenye ubao wa kibanda ulioandikwa jina la fundi na namba yake.

“Namba hii hujawahi kuibadilisha?”

“Tangu simu za mkononi ziingie mji huu, bibi. Anayenitafuta lazima anipate.”

“Kweli.”

Abdiel akatafuta la kusema. “Hata mimi nimewahi kupanga chumba Kaloleni, kabla sijaoa. Nilihama haraka haraka tu. Ujana ni moshi, bibi.”

“Moshi kweli,” alisema Bi Rukaiya. “Ila huacha masizi.”

Simu iliwaka. Majina yalikuwemo kwenye simu yenyewe, si kwenye laini, na yalikuwa mengi. Abdiel aliomba radhi, akaandika “Anaeli”, akatafuta. Hakuwemo. Akaandika tena, herufi moja moja, kana kwamba alikosea. Hakuwemo. Akajifuta uso kwa kitambaa cha kufutia vioo.

Ilibaki kuijaribu. Kila simu anayotengeneza, Abdiel huitia laini mpya, akapiga namba yake mwenyewe. Ikiita mfukoni mwake, kazi imekwisha. Amefanya hivyo kwa maelfu ya simu za watu, na kwenye simu ya mgeni hubaki tarakimu zake kumi tu, maana mgeni hajaihifadhi namba yake kwa jina.

Aliitia laini ya hapa, akabonyeza zile tarakimu kumi. Mfuko wa shati lake ukaanza kuita. Kwenye kioo chenye ufa tarakimu zilitoweka, na mahali pake likakaa neno moja: BABA.

Bi Rukaiya alikuwa ameshasimama, anazifunga laini tatu kwenye pindo la kanga.

“Arobaini ni Jumamosi,” alisema. “Nyumba unaijua.”