Nungunungu na Kitanda cha Bi Kiboko

Mwenye kutafuna amalize kwanza, ndipo asikie habari za Nungunungu.

Huyu alitamani kucheza sarakasi kwenye ngoma ya mavuno kuliko alivyotamani mihogo, na kwa mihogo alikuwa mwizi hasa. Wanyama walijifunzia kwenye kitanda cha kamba cha Bi Kiboko: unaruka, unapiga kichwangomba hewani, mwenzako anakudaka. Kima alipinduka kama chapati, na kila mara Nyani alimdaka.

"Na mimi atanidaka nani?" Nungunungu akauliza.

"Wewe na masindano yako?" Kima akacheka. "Nenda ukadakwe na mama yako!"

Basi akaruka peke yake. Akaangukia pua, akaangukia mgongo, akanasa kwenye kamba, akajinasua, akarudia. Mwezi mzima alitua kila namna isipokuwa kwa miguu. Mwishowe miguu nayo ikachoka kungoja, ikatangulia.

Siku ya ngoma, Kima aliruka juu, akajipinda mara mbili. Vigelegele vikalia. Nyani, mpenda sifa, akageuka kuwapungia watu mkono, na Kima akatua kwa makalio, pu!

Nungunungu akapanda. Akaruka, akapinduka, akajipinda, akatua wima, miiba ikilia kama njuga. Bi Kiboko alipiga kigelegele mpaka ndege wakahama mti.

Kima akaja akichechemea. "Ndugu yangu, nifundishe."

"Ruka tu, ndugu yangu. Nitakudaka mimi."

Kima akaitazama ile miiba. Siku hiyohiyo akajua kutua kwa miguu.