Amplifaya ya Leonardi

"Ndiyo hii," mgeni alisema, na kabla hata ya salamu akaweka kidole juu ya amplifaya, palipoungua kwa umbo la pasi. "Mke wangu aliisahau pasi hapa, tukiwa bado kwetu Rumonge, kabla ya kukimbia."

Khalfani akaacha redio aliyokuwa akiifungua. Miaka ile kila boti iliyofika Kagunga ilishusha wakimbizi na vitu vyao, na vitu vingi viliishia dukani kwake Ujiji: cherehani, baiskeli, hata kiti cha kinyozi. Polisi walishawahi kumlaza ndani kwa redio ya wizi. Tangu hapo hakununua hata kijiko bila karatasi ya mauziano yenye jina la muuzaji, anapokaa, sababu ya kuuza, na muhuri wa mwenyekiti. Alikuwa mwaminifu hadi akawa kero, na alijisifia hilo kwa kila mteja.

"Nimeinunua kihalali, ndugu yangu. Aliniuzia mama mmoja, Melania."

Mgeni akakaa juu ya debe na kufunika uso kwa viganja.

"Kumbe yu hai. Mimi ndiye Leonardi, mume wake. Tulipotezana siku ya kukimbia. Mwezi wa tatu huu namtafuta, mzee wangu. Nikimkosa na hapa, basi tena."

Machozi yakamlenga Khalfani. Moyo wake ulikuwa laini, naye alipenda watu waujue. Akamkumbuka yule mama alivyomsihi: "Baba, pa kukaa usipaandike." Waliojificha nje ya kambi wote walisema hivyo. Alimjibu kwamba bila pa kukaa hanunui. Mama akaenda kwa mwenyekiti, akarudi na karatasi. Khalfani alitazama muhuri, akaichomeka kwenye msumari pamoja na nyingine. Yeye shida yake ilikuwa muhuri.

"Ngoja kwanza uisikie," alisema sasa. Akachomeka waya, akawasha, akampa mgeni gitaa la dukani. Mgeni akapiga uzi mmoja. Kimya.

"Imekufa," mgeni alisema.

Khalfani akacheka. "Umeshaisahau mali yako? Hii ya zamani, ya valvu. Mpaka zile taa zake zipate moto."

Kweli, baada ya muda ikaanza kuunguruma, na uzi uleule ukajaza duka. Mgeni alishtuka, kisha akatabasamu.

"Ukimbizi unasahaulisha mengi, mzee."

"Pole sana, mwanangu."

Mgeni akasema atainunua, mzee wa watu asipate hasara. Hakuomba hata kupunguziwa. Aliomba tu kuiona karatasi. Aliisoma yote, akarudi juu akaisoma tena, akaikunja vizuri na kumrudishia.

"Kidahwe," alisema. "Ni mbali?"

"Wala. Ni njia ya Kasulu hiyo." Khalfani akatoka mwenyewe hadi barabarani, akasimamisha lori la dereva anayemfahamu, akambembeleza amshushe mgeni wake mlangoni kabisa. "Anamfuata mkewe," alimwambia. "Usimwache njiani."

"Na amplifaya?" alimuuliza mgeni.

"Nitaifuata nikishampata."

Alasiri Mwanakombo, mke wa Khalfani, alirudi kutoka sokoni na kukuta mumewe ana uso wa sikukuu. Akasimuliwa yote, kuanzia alama ya pasi hadi lori.

"Mpiga gitaa kaacha amplifaya yake?" aliuliza.

"Mtu anawaza mkewe, wewe unamwazia amplifaya. Hebu andika nyuma ya karatasi kwamba imepata mnunuzi. Na usome kwa sauti, nisikie nilivyowaunganisha watu leo."

Mwanakombo akaifunua karatasi.

"Melania. Anakaa Kidahwe, kwa Anatoli, nyumba iliyo nyuma ya mashine ya kusaga. Sababu ya kuuza..." Akaisogeza karatasi karibu na macho, kisha akaendelea polepole. "Mume wangu Leonardi aliuawa mbele ya macho yangu. Nimemzika Kagunga."