Kiuno cha Mama

Programu yangu ilikuwa inasoma jedwali la vipimo la baba, fundi cherehani, kwenye kompyuta. Iliita jina la kisanduku kimoja baada ya kingine, ikatoa jibu pamoja na fomula iliyojificha nyuma yake.

Ikafika kwenye KIUNO_CHA_MKE. Jibu: inchi 28. Fomula: 38 toa 10.

Kumbe! Ndiyo ile 28 ambayo baba humwonyesha mama kila akimshonea gauni, huku akimwapia kwamba kiuno hakijabadilika tangu harusi.

Nikahisi pumzi begani. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, miwani puani.

"Mama, mimi..."

"Nyamaza, baba yako anakuja." Akafunika skrini kwa kiganja. "Muache na raha zake. Suruali yake ya harusi nimeitanua kwa siri mara nne, na bado anajisifu hajanenepa."