Ng'ombe wa Baba

Namnyaki aligundua asubuhi hiyo kwa nini mchezo wa kompyuta ulikuwa unakwama. Kwenye seva, yaani kompyuta ya mchezo aliyoiendesha kutoka chumba chake mtaani Ngarenaro, na ambamo watu arobaini walicheza pamoja kupitia mtandao wakijenga, wakilima na kupambana ili wabaki hai, zizi moja lilikuwa na ng'ombe elfu moja na mia mbili. Walibanana hadi kompyuta ikazidiwa.

Zizi lilikuwa la baba yake.

Namnyaki alimfundisha mzee kucheza baada ya ukame kumaliza mifugo yake kijijini Terrat. Mzee hakuwahi kuchinja hata ndama mmoja mchezoni. Aliwazalisha tu.

Wachezaji walishaanza kuhama. Amri ya kuwafuta ng'ombe ilikuwa tayari kwenye kioo, na kidole cha Namnyaki kilikuwa juu ya kitufe. Akakiondoa, akapiga simu.

"Shikamoo baba. Ng'ombe wako wamekuwa wengi mno. Mchezo unakwama kwa kila mtu."

"Marahaba. Kwa hiyo nawasumbua wenzangu?"

"Ndiyo, baba. Lazima wapungue leo."

"Usiwafute. Wasio na ng'ombe ni wangapi?"

"Karibu wote."

"Basi waite. Nitawagawia mwenyewe."

Namnyaki akaifuta amri, akaandika tangazo: "Njooni na kamba, mzee anagawa ng'ombe."

Dakika tano baadaye watu thelathini walikuwa wamekusanyika nje ya zizi mchezoni, wakirukaruka kwa furaha. Kwenye simu, baba yake akakohoa.

"Namnyaki, simpi mtu ng'ombe bila kujua kwao. Hawa wote ni watoto wa nani?"