Mjane wa Ukumbi wa Nne

Mama Germaine alikubali kila kitu isipokuwa saruji. Jiko la umeme, sawa. Dirisha la kioo kutoka juu hadi chini, sawa, mradi apewe pazia. Lakini chumba cha nyuma, alisema, kibaki udongo mtupu.

Samy, msanifu wa majengo, alilaza kichwa upande mmoja kwa upole aliojifunza Ubelgiji, akauliza kwa nini.

"Papa Architecte, bwana yangu alitumika hapa miaka makumi tatu," mama alisema, akifuta macho kwa pembe ya kitenge cheusi. "Ni hapa njo alikuwa anafunga magunia. Miye nataka nikanyage udongo yenye yeye alikanyaga."

Samy nusura alie. Kisha akatoa daftari na kuyaandika maneno hayo, maana yalikuwa matamu mno kuachwa yapotee.

Aliyahitaji. Kwa miaka miwili alikuwa akikigeuza kiwanda kikongwe cha shaba kuwa mtaa mpya wa Likasi: maduka chini, nyumba juu, mkahawa ndani ya tanuri. Bango la langoni lilionyesha watu wakiendesha baiskeli zisizo na mzigo wowote, jambo ambalo Likasi hakuna aliyewahi kuliona. Wenyeji walipita na baiskeli zao zilizojaa makaa, wakalisoma, wakacheka, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyehamia.

Na Ijumaa watu wa benki walikuwa wanakuja. Wakikuta mtaa mtupu, mradi ungekufa, na Samy angerudi Lubumbashi kuishi kwa baba mkwe wake, mzee aliyesema tangu mwanzo kwamba mtu mwenye akili timamu halali kiwandani.

Ofisi ya mradi ilimshauri atafute mjane. Mjane wa mfanyakazi wa zamani, apewe nyumba ya bure, apigwe picha. Samy alitangaza kanisani Jumapili, na ibada haijaisha Mama Germaine alikuwa amesimama mbele yake, kitenge cheusi kimeshafungwa.

Nyumba ya juu, yenye kuona mji mzima, hakuitaka. Alitaka ya chini, ndani ya ukumbi wa nne, si kwingine. Samy akasema moyoni kwamba huo ndio upendo.

Mama alileta picha ndogo ya marehemu Barthélemy. Samy akaikuza hadi ikawa kubwa kama mlango wa gereji, akaitundika langoni: uso mpana, kovu juu ya jicho la kushoto, na chini yake maneno aliyoyatunga mwenyewe, "Tunaishi pale walipotoa jasho."

Kisha kilio kikaanza. Familia haikuwahi kumlilia marehemu vizuri, mama alieleza, na kwa kuwa sasa nafasi ipo, wangemlilia siku saba. Wakaja kila asubuhi. Wanawake waliketi sebuleni wakaimba nyimbo za kanisa kwa ngoma hadi vioo vikatetemeka; wanaume waliingia moja kwa moja chumba cha nyuma, kuomba. Umeme ulipokatika, na ulikatika kila siku kana kwamba mabwawa ya umeme ya Koni na Mwadingusha yako nchi nyingine, walivaa tochi za kichwani wakaendelea kuomba.

Samy alitaka kuingia aombe nao. Mama akasimama mlangoni.

"Mugeni haingiake mu chambre ya kilio mbele ya siku ya saba," alisema. "Ni desturi ya kwetu."

Samy aliheshimu desturi. Aliheshimu desturi zote, hata zile zilizozaliwa asubuhi ileile.

Jioni wanaume walitoka wamechoka kabisa, miguu imejaa vumbi la kijani. Rangi ya kuta za zamani, Samy alifikiri, akaandika zipakwe upya. Baiskeli zilipanga foleni nje na kuondoka na magunia. Chakula kilichobaki, mama alisema, kinapelekwa kwa wagonjwa. Samy akaandika: mshikamano.

Kufikia Alhamisi familia arobaini zilikuwa zimejiandikisha kuhamia. Wote walitaka nyumba za chini. Wote bila saruji. Samy alimpigia simu baba mkwe wake kwa ajili hiyo tu.

Ijumaa saa nne, Madame Aimée wa benki alisimama mbele ya picha ya langoni, akavua miwani ya jua. Kisha akaingia ukumbi wa nne, akapita katikati ya waimbaji, akaishika mikono ya Mama Germaine na kumuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

"Muntu ya kazi," mama alijibu, akiutazama mlango wa nyuma. "Ya kazi sana."

Madame Aimée alilia waziwazi, na ngoma zenyewe zikanyamaza kwa heshima. Akasema benki itatia saini leo hii, hapahapa, mbele ya familia. Samy akampa kalamu.

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguliwa. Akatoka mwanamume aliyejaa vumbi la kijani hadi kwenye kope, gunia la mawe ya shaba begani, kovu juu ya jicho la kushoto, akamuuliza mkewe mbona wameacha kuimba.