Igonge Tu

Bi Mwanakheri alizungusha ufunguo. Gari likalia "ka!" mara moja, likanyamaza.

"Betri ni nzima, mama. Stata ndiyo imekwama," alisema fundi Shabo, nyuma ya boneti iliyoinuliwa. "Nikufungie nyingine?"

"Hapana. Igonge tu kwa spana. Marehemu mume wangu alikuwa akiigonga, mimi nikikaa hapa kuwasha."

"Na kesho ikikwama tena, nani atakugongea? Au nihamie humu ndani ya boneti?"

Bi Mwanakheri akatabasamu kidogo. Shabo akagonga mara mbili.

"Haya, washa!"

Alikuwa ameushika ufunguo, lakini hakuuzungusha. Boneti ilimficha aliyekuwa nyuma yake. Kilichomfikia ni mlio wa chuma tu, uleule wa siku zote.

"Gonga tena," alisema taratibu.